Kwenda Kilimanjaro Desemba na watoto wadogo: mwongozo kamili, tangu kibubu hadi kurudi Dar

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Marangu, naishi Dar es Salaam. Kila Desemba alfajiri utanikuta kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, mtoto mmoja mgongoni, wa pili kashika kanga yangu, wa kwanza anauliza Bibi ameamka saa ngapi. Tumekwenda mara saba sasa. Naandika kwa ajili ya mzazi anayekwenda kwa mara ya kwanza na watoto walio chini ya miaka saba, maana mengi niliyoyajua kwa kuumia ningeweza kuambiwa mapema.

Kuna jambo moja linaloongoza yote yanayofuata: pangeni safari kwa kumtazama mdogo kuliko wote. Saa ya kuondoka, siti, idadi ya nyumba mtakazotembelea kwa siku, hata tarehe ya kurudi, vyote vipimeni kwa nguvu zake. Mtoto wa miaka miwili akishiba na kulala, nyumba nzima inasherehekea. Akichoka kupita kiasi, hata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, haina ladha.

Hatua ya 1: Pesa, tangu mwezi wa kumi

Msilale usingizi hapa. Desemba inakula, kisha Januari inakuja na ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba kwa pamoja. Sisi mwezi wa kumi tunakaa chini mimi na baba watoto, tunatenga kwanza pesa ya Januari. Inawekwa kwenye akaunti ambayo hatuigusi. Kinachobaki, pamoja na mgao wa vikoba na kibubu, ndicho cha safari.

Andikeni mafungu matano: nauli ya kwenda na kurudi, mchango wa sikukuu kijijini (mbuzi, mchele, vinywaji), zawadi za wazee, dharura, na chakula cha njiani. Fungu la dharura liwe na uwezo wa kumpeleka mtoto hospitali usiku na kukodi gari. Lisitumike kwa lingine lolote, hata shemeji akiomba mkopo wa siku mbili.

Mchango wa familia usemwe mapema kwenye kundi la familia la simu. Ukisema mwezi wa kumi na moja, "Sisi mwaka huu tuna mtoto mchanga, tutaleta mchele kilo 20 na sukari, mbuzi hatutaweza," watu wanakuelewa na kujipanga. Ukinyamaza hadi tarehe 23 ukiwa umeshafika, unamweka mumeo mahali pagumu mbele ya ndugu zake.

Kama mna dada wa kazi, kumbukeni naye ana kwao. Mpeni likizo yake, mlipeni mshahara kamili kabla hajaondoka pamoja na nauli, kisha kubalianeni tarehe ya kurudi. Anayeondoka kwa heshima mara nyingi hurudi kwa wakati.

Hatua ya 2: Kuchagua usafiri na kukata tiketi

Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Kwa basi, siku za kawaida ni saa 8 hadi 10. Wiki ya Krismasi ongezeni saa mbili au tatu kichwani, kwa sababu ya foleni ya kutokea Kimara hadi Kibaha na magari kuwa mengi barabarani.

Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa kusafiri usiku kucha, na wengi wanasema usiku ni rahisi kwa sababu watoto wanalala. Mimi na watoto wadogo nachagua basi la saa 12 asubuhi. Basi likiharibika mchana kuna kivuli, kuna watu, kuna duka. Tena anayeshukia Himo, pa kushukia wa Marangu, saa 9 usiku na watoto watatu na mabegi manne hana raha.

Kuna treni pia. Safari za abiria za Dar hadi Moshi zilirejea Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kusimama. Haiendi kila siku, na inatumia muda mrefu kuliko basi kwa kuwa inalala njiani. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne ina neema ambayo basi haina: anasimama, anatembea, choo kipo ndani, na behewa la kulala lina vitanda. Ulizeni stesheni mapema kuhusu siku za safari, kwani ratiba hubadilika.

Wenye gari binafsi: mtoto akae siti ya nyuma kwenye kiti chake cha usalama, afungwe. Kumpakata siti ya mbele ni hatari kubwa, maana gari likifunga breki ghafla mikono ya mama haiwezi kumshika. Na dereva aliyetoka kazini saa 11 jioni asianze safari saa 3 usiku siku hiyo hiyo. Laleni, ondokeni alfajiri.

Tiketi za wiki ya mwisho kabla ya Krismasi huisha mapema, kwa hiyo kateni wiki nne au tano kabla, ofisini kwa kampuni yenyewe au kwa njia yake rasmi ya mtandao. Wakati huohuo kateni ya kurudi, maana tarehe 2 na 3 Januari kila mtu anataka kushuka. Mtu anayewashika mkono pale stendi na kuwaambia siti zipo msimpe pesa yenu.

Kuhusu siti, mtoto aliyefikisha miaka mitatu mlipieni yake. Najua inauma. Lakini kumpakata mtoto wa kilo 14 kwa saa 10 ni mateso kwako na kwake, na kwa abiria wa pembeni. Chagueni siti za katikati ya basi, mbali na matairi, kwani nyuma kunarusha na mtoto anatapika.

Hatua ya 3: Kliniki na mfuko wa dawa

Wiki tatu kabla, toa kadi ya kliniki uisome. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9, kisha miezi 18, na kama tarehe ya mtoto inaangukia katikati ya likizo waombe wauguzi wakushauri kabla hujaondoka. Kijijini watoto wa Dar, Arusha, Mwanza na Nairobi wanalala chumba kimoja na kunywea kikombe kimoja. Kadi yenyewe uisafirishe, usiiache kabatini.

Mfuko wetu wa dawa una haya: kipimajoto, parasetamoli ya maji pamoja na sindano isiyo na ncha ya kupimia, pakiti sita za ORS (unga wa kuchanganya na maji mtoto akihara), vidonge vya zinki, plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, na mafuta ya mgando. Muulize mfamasia kipimo cha parasetamoli kwa uzito wa kila mtoto, ukiandike kwa kalamu kwenye kipande cha plasta ukibandike kwenye chupa. Saa 8 usiku, taa hakuna, mtoto anachemka, huwezi kukumbuka hesabu.

ORS: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, na kinachobaki baada ya saa 24 unamwaga. Zinki inaendelea siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma.

Kuna jambo ambalo nalisema bila kumung'unya: usimpe mtoto dawa ya mafua ili alale ndani ya basi. Nimeona wenzangu wakifanya. Dawa hizo zinaweza kumletea mtoto mdogo shida ya kupumua, na wengine badala ya kulala wanachachamaa. Kama mtoto wako anatapika njiani, mpe chakula kikavu na chepesi, mweke dirishani aangalie mbali, na umpunguzie maziwa asubuhi ya safari.

Hatua ya 4: Kuwaandaa watoto wenyewe

Wazazi wengi wanafungasha mabegi wanasahau kumfungasha mtoto. Mtoto wa miaka minne anayeamshwa saa 9 usiku na kubebwa gizani bila kujua anakwenda wapi, ana haki ya kulia.

Sisi wiki mbili kabla tunaanza kupiga simu ya picha kwa Bibi kila Jumapili. Tunawaonyesha picha za ndugu: huyu ndiye Shangazi, huyu Baba Mkubwa, huyu binamu yako uliyegombana naye baiskeli mwaka jana. Tunafundisha salamu. Shikamoo ya mtoto inafungua milango yote ya Kilimanjaro, na Bibi akiamkiwa kwa Kichagga hata neno moja anawaita majirani waje wasikie.

Waambieni pia yatakayokuwa tofauti: choo cha nje, giza, baridi ya jioni, ng'ombe wa ndani anayekohoa usiku. Mwaka ambao wangu wa pili alikuwa na miaka miwili na nusu hatukumwambia kitu kuhusu sauti za usiku. Nyumba ya wakwe zangu iko juu, karibu na msitu. Saa 5 usiku perere akaanza kulia mtini, ule mlio wake wa kupanda kama mtu anayeminywa koo. Mtoto alining'ang'ania shingoni hadi alfajiri. Mwaka uliofuata babu yake alimwambia mapema kwa simu, "Kuna mnyama mdogo huku, saizi ya paka, anajifanya jitu. Ukifika tutamsikiliza wote." Usiku wa kwanza mtoto alikaa mlangoni kwa babu yake, kajifunga blanketi, akisubiri. Perere alipolia, akacheka mpaka akapaliwa.

Hatua ya 5: Begi la njiani

Begi la njiani liko miguuni pako. Mengine yote yaende kwenye buti, na ukiyaona yanaingizwa chukua namba ya mzigo. Ndani yake weka:

- pampasi kwa hesabu ya saa 15, hata kama safari ni ya saa 10
- nguo mbili za kubadilisha kwa kila mtoto, na blauzi moja yako
- mifuko ya kutapikia, angalau sita
- kanga mbili: ya kufunika, ya kuziba mlango wa choo, ya kutandika, kazi hazina idadi
- maji, chupa ya chai yenye maji ya moto kama unatumia maziwa ya kopo, taulo ndogo yenye unyevu ndani ya mfuko
- sweta, kwa sababu kiyoyozi cha basi hakina huruma
- poti ndogo kwa aliye kwenye mafunzo ya choo

Chakula: chapati, mayai ya kuchemsha yaliyopikwa alfajiri hiyo, viazi vitamu, ndizi, karanga kwa waliovuka miaka mitano tu (wadogo zinawapalia). Wali na nyama ya mchuzi huharibika kwa joto la Mkata na Segera, acheni nyumbani. Soda na juisi za rangi zinaongeza kutapika na kukojoa.

Vitu vya kuchezea viwe vitatu, vitolewe kimoja kimoja. Katuni za kwenye simu nazihifadhi za Same kwenda Mwanga, pale jua linapowaka na kila mtu amechoka. Ukiziwasha Kibaha, Chalinze hazina nguvu tena.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fikeni Mbezi dakika 45 kabla. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, ndani ya kiganja karibu na kifundo. Gawaneni kazi kabla ya kushuka kwenye bajaji: mmoja ni wa watoto, mwingine ni wa mizigo, na msibadilishane katikati. Watoto hupotea stendi pale kila mzazi anapodhani mwenzake ndiye amemshika.

Njiani kila mtoto anakojoa kila basi linaposimama, awe amebanwa au hajabanwa. Konda akitangaza kuchimba dawa, shukeni wote. Kama mtoto amebanwa kabla ya hapo, mwambie konda kwa upole na mapema: "Kaka, samahani, nina mtoto, ukipata pa kusimama salama tusaidie." Wengi wao wana watoto, wanasimama.

Vituo vya chakula mara nyingi viko Korogwe au Mombo, na muda ni dakika 20 tu. Msianze kupanga foleni ya chipsi. Mmoja apeleke watoto choo na kuwanawisha, mwingine anunue chai na machungwa. Machungwa ya upande wa Segera na Muheza ni matamu kweli, nasema hivyo si kwa kuwa ni ya kwetu. Pale Segera, barabara ya Tanga inapokata kulia na basi letu kushika kushoto, huwa nawaonyesha wanangu: "Kule ni kwa bibi yenu mwingine, tutakwenda Idd." Wanapunga mkono.

Baada ya hapo njia ina mengi ya kuonyesha. Mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, ukipita unaona njia zinafunguka na kufunga. Milima ya Usambara iko kulia, kisha Upare. Mwanga kuelekea Himo, mawingu yakiwa yametulia, mlima wenyewe unajitokeza mbele. Atakayeona barafu kwanza, sisi humpa kipande kikubwa cha chapati.

Kuna mwaka basi letu liliharibika kati ya Same na Mwanga saa 8 mchana, tukakaa saa tatu. Maziwa ya mtoto yalikuwa yameisha kwa sababu nilipima ya saa 10 kamili. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu ndiye aliyetutolea maji ya kunywa. Tangu siku ile napima kila kitu mara moja na nusu.

Wanaokwenda Marangu na Rombo wanashukia Himo. Mpigieni simu mtu wa nyumbani mkiwa Mwanga ili gari liwe tayari, kwani giza na pikipiki tatu zenye watoto na mabegi haviendi pamoja.

Hatua ya 7: Saa moja ya kwanza nyumbani

Kabla ya kukaa na kunywa chai, zungukeni kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, na mtu mzima mwenyeji. Hii ni saa muhimu kuliko zote za likizo. Kihamba ni pazuri, migomba, kahawa, kivuli, lakini hakikujengwa kwa kumfikiria mtoto wa ghorofani Sinza. Angalieni:

Mfongo, yaani mfereji wa maji unaopita shambani. Maji ya goti la mtu mzima yanatosha kumzamisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tazameni pia simtanki lisilo na mfuniko, shimo la choo la zamani lililofunikwa kwa mbao, na ndoo zilizojaa zilizoachwa chini.

Dawa za kunyunyizia kahawa. Mara nyingi zimewekwa kwenye chupa ya soda nyuma ya mlango wa stoo. Ombeni zipandishwe juu, zifungiwe.

Jiko la kuni, sufuria za mtori zinazochemka chini usawa wa mtoto, na moto wa ndafu. Chorea watoto mstari kwa majivu kuzunguka jiko, uwaambie hapa hapavukwi. Wanafurahia sheria wanayoiona kwa macho.

Mbege, pombe ya ndizi. Hukaa kwenye ndoo au vibuyu, ina rangi kama ya uji kwa sababu ya ulezi, na mtoto hatofautishi. Iwekwe juu.

Na hili naliandika kwa herufi za moyo: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata baridi iwe kali namna gani. Mkaa hutoa gesi isiyo na harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Ongezeni blanketi, vaeni soksi, laleni pamoja.

Hatua ya 8: Kulala

Nyumba ya sikukuu inajaa. Wageni wanatandikwa sebuleni, watoto kumi wanarundikwa chumba kimoja na binamu wa miaka 17 na rafiki yake aliyekuja naye. Mpango huo mimi siukubali. Watoto wangu wanalala chumba nilichomo, hata kama ni godoro chini. Nikiulizwa najibu kwamba mdogo ananyonya usiku na wakubwa wanaogopa giza, basi, yanaisha. Huna haja ya kumtuhumu mtu ili umlinde mwanao.

Kabla ya safari, mweleze mtoto kwa lugha ya umri wake sehemu zake ambazo hakuna mtu wa kuzigusa kwa siri, na kwamba hata kama ni mjomba anaweza kukataa na kuja kukuambia. Asilazimishwe kukumbatia wala kupakatwa, salamu ya mkono na shikamoo vinatosha. Namba 116 ni ya bure Tanzania kwa msaada wa mtoto, iwe kwenye simu yako.

Chandarua nendeni nacho. Huko juu mbu ni wachache kuliko Dar, lakini njia nzima imepita ukanda wa malaria, na mkishuka Himo au Moshi mjini mbu wapo. Saa ya kulala ibaki ileile ya nyumbani kwa kadiri mnavyoweza. Kama kwenu ni saa 2 usiku, saa 1 na nusu muogeshe kwa maji ya moto, mvalishe, ingia naye chumbani dakika 20. Muziki nje hautamwamsha akishalala, ila ukimwacha hadi saa 4 hatalala kabisa.

Hatua ya 9: Chakula, na wakwe

Chakula cha Uchagani kinawafaa watoto sana. Mtori ni laini, ndizi zimepondwa na nyama, mtoto wa miezi minane anakula bila shida kabla chumvi haijawekwa. Machalari na kiburu nao wanapenda. Nyama ya ndafu mkatieni vipande vidogo mno, na sehemu iliyoiva hasa. Kisusio, ile supu yenye damu, mimi siwapi walio chini ya miaka mitano. Maziwa ya ng'ombe wa ndani yachemke kabla ya kunywewa. Asali wasipewe walio chini ya mwaka mmoja.

Ugumu uko kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, kwa sababu kila mzee anataka amwonjeshe kitu. Mwaka jana kitinda mimba wangu, ndiye aliyefunga kazi, alikuwa na miezi minne. Mama mkwe alikuja na kikombe cha mtori, kijiko mkononi, amekaa kitandani. Nilijua amepika kwa upendo tangu saa 11 alfajiri. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Kliniki wametuambia mpaka miezi sita ni ziwa tu. Naomba huo mtori nile mimi, utamfikia kwenye maziwa." Akanitazama kidogo. Kisha akasema, "Basi nikuongezee, kikombe hakitoshi." Kwa Wachagga mtori ndio chakula cha mzazi, kwa hiyo nilikuwa nimemrudisha kwenye desturi yake mwenyewe. Nilikula mtori siku tisa.

Kama lazima kukatalia jambo, baba wa watoto ndiye azungumze na mama yake, faraghani, kabla halijawa kubwa. Mke akiachwa peke yake kutetea ratiba ya mtoto mbele ya ukoo, anaonekana ana kiburi.

Kunawa mikono wapeni watoto kazi. Mmoja ashike birika, mwingine sabuni, wawanawishe wazee kabla ya kula. Wazee wanafurahi, na mikono ya watoto inakuwa safi bila ugomvi.

Hatua ya 10: Siku ya Krismasi na ziara

Ibada ni ndefu. Kaeni karibu na mlango, nendeni na mkate na maji, na kama mkesha unaisha saa 6 usiku, mmoja wenu abaki na wadogo. Nyumbani, mtoto alale mchana kabla ya saa ya kukata ndafu.

Ziara ndizo zinazochosha watoto. Kila nyumba ina chai, kila nyumba ina soda, kila nyumba inakasirika mkikaa dakika tano. Kanuni yetu ni nyumba mbili kwa siku, moja asubuhi, moja alasiri, na siku ya tatu hatutoki. Mzee sana au mgonjwa huanza. Wengine tunawaalika waje kwa Bibi siku ya tarehe 26, wote kwa pamoja.

Acheni pia saa za watoto na babu na bibi bila ninyi kuingilia, mkiwa mnaona kwa mbali. Kuchuma kahawa iliyoiva, kumkatia ng'ombe majani ya migomba, kumenya ndizi mbichi mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Binti yangu alijifunza kumenya kwa Bibi akiwa na miaka mitano. Kwa kisu kidogo butu, ulimi nje, ndizi moja kwa robo saa. Bibi alisubiri.

Mtoto akiugua

Nendeni kituo cha afya au hospitali mara moja, usiku au mchana, mkiona mojawapo: anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anapumua kwa shida. Homa yoyote, ikiwa ni huko au wiki mbili tatu baada ya kurudi, apimwe malaria ndani ya saa 24. Siku ya kwanza mkifika ulizeni kituo cha karibu kiko wapi na nani ana gari. Msiulize siku ya homa.

Hatua ya 11: Kurudi

Rudini angalau siku tano kabla ya shule kufunguliwa. Siku ya kwanza ni ya kulala, ya pili ya kufua, ya tatu mnarudisha saa za kulala za kawaida kwa wale ambao Bibi aliwaachia.

Mzigo wa kurudi mkubalianeni mapema. Bibi atataka kuwapa mkungu, parachichi, mahindi, na kuku mmoja hai. Pokeeni kwa mikono miwili, kisha mwombeni awagawie kinachobebeka. Ndizi zikatwe vichana, zifungwe kwenye kiroba kimoja. Kuku abaki, mpeni mtoto jina la kumwita, amuulizie kwa simu.

Kuagana kunawauma watoto kuliko tunavyodhani. Sisi jioni ya mwisho kila mtoto anapanda kitu kihambani, mgomba au mche wa parachichi, na babu anafunga kitambaa cha rangi yake. Mwezi wa tatu babu alipiga simu ya picha, akaielekeza kamera chini. Wangu wa katikati alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, akauliza mbona jani lake ni moja tu na la dada yake ni mawili.